Siri ya mgonjwa: lini uitunze, lini utoe taarifa, na umpe nani

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara na watumishi wa mapokezi, dirisha la dawa na masjala katika zahanati na vituo vya afya vya Dar es Salaam. Makosa mawili huenda pamoja kazini. Siri inawafikia wasiostahili, na taarifa inayotakiwa kisheria haimfikii anayestahili. Mara nyingi yote mawili yanatokea kituo kimoja. Mtumishi anayemtaja mgonjwa wa CTC (kliniki ya matibabu ya VVU) kwa jirani yake ndiye huyohuyo anayenyamaza mtoto wa miaka 9 anapoletwa na majeraha yasiyo na maelezo, akisema hataki kuingilia mambo ya familia za watu.

Kutoa taarifa ni kumwambia mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo na sheria, kwa kiasi anachohitaji kuifanya. Ukiona imekubidi uwaambie watu watano, simama kwanza, kwa sababu umeshatoka kwenye njia.

Sheria zinazokugusa

Faragha ya mtu inalindwa na ibara ya 16 ya Katiba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kushtakiwa yeye binafsi, mbali na kituo anachofanyia kazi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ina vifungu vyake kuhusu majibu ya VVU, na wajibu wa kutunza siri haiuweki kwa daktari peke yake: inawataja pia waajiri, kampuni za bima, wanaoingiza takwimu na hata wakalimani wa lugha ya alama. Juu ya hayo kuna mabaraza ya taaluma, Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, yenye uwezo wa kukusimamisha kazi.

Upande wa pili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inahusu magonjwa ya kutolewa taarifa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka kila mtu anayefahamu kosa la jinai, au kifo cha ghafla au cha kutiliwa shaka, atoe taarifa isipokuwa awe na sababu ya msingi ya kutofanya hivyo. Kumbuka maneno hayo ya mwisho. Sababu yako lazima uweze kuieleza, na ndiyo maana huko mbele tunasisitiza sana kuandika.

Siri inapovujia

Siri nyingi hazitolewi kwa ubaya. Zinavuja kwa sababu ya namna chumba kilivyopangwa na kwa mazoea.

Anzia mapokezi. Mgonjwa anaulizwa "una shida gani?" mbele ya benchi la watu ishirini. Badilisha swali liwe "umekuja kliniki gani, au ni mara ya kwanza?" na shida aende kuieleza chumbani. Mstari wa foleni uwe angalau hatua mbili kutoka mezani. Rejista ya MTUHA, kitabu cha kuandikia wagonjwa na magonjwa yao, isikae wazi imeelekea upande wa wagonjwa, maana anayesubiri kuandikwa husoma jina na ugonjwa wa aliyemtangulia. Weka karatasi ngumu juu ya safu zilizokwisha kujazwa.

Dirisha la dawa ni pabaya zaidi. Sauti inapazwa kwa ajili ya kioo na kelele za nje, kisha barabara nzima inasikia "hizi za kufubaza unakunywa usiku". Maelekezo yaandikwe kwenye bahasha ya dawa, kisha mgonjwa aonyeshwe kwa kidole. Jina la ugonjwa halina kazi yoyote dirishani. Dawa za CTC zikitolewa kwenye mfuko wa rangi ya peke yake, mfuko wenyewe unatangaza. Tumia mifuko ya aina moja kwa wagonjwa wote.

Wodini, kadi iliyoning'inizwa miguuni mwa kitanda isionyeshe utambuzi wa ugonjwa. Kwenye raundi, ndugu waliokaa kitandani waombwe watoke kwa dakika chache kabla faili halijafunguliwa, na waombwe wote, kwa kila kitanda. Ukiwatoa ndugu wa mgonjwa mmoja tu, wodi nzima imeshajua kuna jambo.

Simu nayo ni ya kuangaliwa sana. Familia nyingi jijini zinatumia simu moja, au simu ya mgonjwa inapokelewa na mume, mama mkwe au mtoto. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuandikisha muulize: "Tukipiga simu akapokea mtu mwingine, tujitambulishe vipi?" Jibu lake liandike ndani ya faili. Wengine watasema semeni mnatoka dukani, wengine watasema msipige kabisa, tumeni ujumbe wa "naomba unipigie". Majibu yenyewe hayatolewi kwa simu. Unapompata mwenyewe, thibitisha kwa vitu viwili, jina kamili pamoja na tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili, kisha mpe siku ya kuja.

Kundi la WhatsApp la watumishi lisitumike kuuliza kesi kwa jina. Picha ya eksirei ina jina na tarehe pembeni, kidonda kinaweza kuwa karibu na mchoro au kovu ambalo ndugu wanalijua, na ukishatuma huwezi kujua picha imefika wapi. Ukihitaji ushauri wa daktari bingwa wa Muhimbili au Mloganzila, mpigie yeye mmoja. Umri, jinsia na dalili vinatosha.

Mgeni wa heshima anapokuja wodini na kamera, kazi ya muuguzi wa zamu inaanza nusu saa kabla. Pita kitanda kwa kitanda, peke yako, umuulize kila mgonjwa kama anakubali kupigwa picha. Mgonjwa hawezi kukataa mbele ya mheshimiwa na waandishi, kwa hiyo ridhaa ya wakati ule si ridhaa. Waliokataa wawekewe pazia au wahamishiwe chumba kingine kwa muda. Mafaili yote yaondolewe vitandani. Wodi ya wazazi na ya watoto waliofanyiwa ukatili hazipigwi picha, hata kama mzazi amekubali.

Wanaokuja kuuliza

Ndugu. Utamaduni wetu ni wa kuuguza pamoja, na anayelipa bili anaona ana haki ya kujua. Muulize mgonjwa mapema: "Nani nimweleze hali yako, na nimweleze mpaka wapi?" Jina la huyo mtu liandikwe kwenye faili. Wengine waelekezwe kwake kwa upole: "Mama mdogo ndiye tuliyeagizwa kuzungumza naye." Akiletwa mgonjwa hana fahamu, tuseme ajali ya bodaboda barabara ya Mandela, ndugu waambiwe amepokelewa, hali ikoje na nini kinafanyika. Majibu ya vipimo visivyohusu ajali wasiambiwe.

Mwenza, kwenye VVU. Sheria inasema majibu ni ya aliyepima, lakini inaruhusu yatolewe kwa mwenza. Kuruhusiwa hakukulazimishi kuanzia hapo. Anza kwa ushauri nasaha, mpe mgonjwa nafasi ya kusema mwenyewe, kisha mpe nafasi ya kusema mbele yako hapo kliniki. Kabla ya yote hayo muulize kama mwenza amewahi kumpiga au kumtishia. Akijibu ndiyo, usiende mbele bila ofisa ustawi wa jamii. Kwa vijana, tangu marekebisho ya mwaka 2019 mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Usimpigie mama yake simu eti kwa sababu anavaa sare ya shule.

Mwajiri. Cheti cha kupumzika, yaani ED, kinaandikwa mgonjwa apumzike siku ngapi na kuanzia tarehe gani. Ugonjwa hauandikwi, labda mgonjwa aombe mwenyewe. Kwenye upimaji wa afya wa kuanza kazi, mwajiri anapewa neno "anafaa" au "hafai kwa kazi hii". Hapewi karatasi za maabara. Hali ni hiyohiyo kwa wauza vyakula wanaopimwa kwa ajili ya kibali.

Polisi. Akija askari anataka faili, usimfukuze na usimkabidhi. Mpeleke kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Ombi liwe la maandishi, lenye jina la askari, kituo chake na namba ya kesi, au iwe amri ya mahakama. Kinachotolewa ni kilichoombwa, na nakala ya ombi inabaki kwenye faili. Mwandishi wa habari hapati chochote kutoka kwako. Yupo msemaji.

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Hawa ni wazuri sana kwa mambo ya maji, vyoo na kumtafuta mgonjwa aliyepotea, lakini hawana haki ya kujua ugonjwa. Ukimtafuta mgonjwa wa kifua kikuu aliyekatisha dozi ya miezi sita, sema unamtafuta fulani wa kliniki arudi kwa tarehe yake. Usitaje kliniki ipi.

Mtoto aliyefanyiwa ukatili

Hapa ndipo kunyamaza kunaumiza zaidi. Dalili za kukufanya usimame: maelezo yanayobadilika kila anapoulizwa mtu mwingine, mtoto asiyeweza kutembea bado lakini amevunjika mfupa, alama za kuungua zenye mpaka ulionyooka kama soksi, michubuko ya hatua tofauti za kupona, magonjwa ya zinaa au ujauzito kwa mtoto, na mlezi aliyechelewa kumleta bila sababu.

1. Tibu kwanza. Dharura haisubiri PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi; fomu inafuata baadaye. Kama ni ubakaji au ulawiti, dawa za PEP za kuzuia VVU zianze haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na zinywewe siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa ndani ya saa 120, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Angalia na chanjo ya homa ya ini B na pepopunda.

2. Zungumza na mtoto peke yake, kukiwa na mtumishi wa pili. Mwombe mlezi akajaze karatasi mapokezi. Uliza maswali ya wazi: "Nieleze kilichotokea." Usiulize "baba amekushika?", kwa sababu swali la namna hiyo linambomolea kesi mahakamani. Yanayotoka kinywani mwake yaandike kwa maneno yake mwenyewe, hata kama anatumia majina ya kitoto ya viungo vya mwili. Mwambie ukweli kuhusu siri: usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utamwambia mtu ambaye kazi yake ni kumlinda, na umtajie ni nani.

3. Hifadhi ushahidi. Nguo zikaushwe hewani na ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kila nguo na wake, ukiwa na jina, tarehe, saa na sahihi. Mfuko wa plastiki unaozesha ushahidi kwa unyevu. Usimwogeshe mtoto kabla ya uchunguzi. Na asichunguzwe mara mbili: kama kituo chako hakina mtu mwenye uzoefu, mpe dozi ya kwanza ya PEP kisha mpe rufaa. Amana ni moja ya hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono, ambako tabibu, ustawi wa jamii na polisi wanapatikana sehemu moja.

4. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Mganga mfawidhi ajulishwe, lakini ruhusa yake isigeuke sababu ya kuchelewa. Andika saa uliyopiga, jina na cheo cha aliyepokea, na alichosema atafanya.

5. Mtoto asiruhusiwe kurudi nyumbani hadi ustawi wa jamii aseme anakwenda wapi na kwa nani. Kama anayeshukiwa yumo ndani ya nyumba, mlaze wodini kwa sababu ya kitabibu.

Utasikia "tutayamaliza kifamilia". Maneno haya huletwa na mjomba au mzee wa heshima, na pengine pesa imeshapita mkononi. Jibu moja linatosha: taarifa imeshatoka, na wewe si mwenye kuirudisha. Usibishane na usitaje nani mwingine anajua.

PF3 isemeje

Fomu hii inasomwa na hakimu miezi mingi baadaye, na wewe unaweza kuitwa kuitetea. Andika ulichokiona: "mchubuko sm 3 kwa sm 2, paja la kulia, upande wa ndani". Usiandike "amebakwa", kwani hilo ni la mahakama kuamua. Usikadirie siku za jeraha kwa rangi ya mchubuko, maana rangi hudanganya. Kama hukuona jeraha, andika hukuliona na uongeze kwamba kukosekana kwa jeraha hakuondoi uwezekano wa kosa. Kesi nyingi zinaangukia hapo, kwa tabibu aliyeandika "hakuna kitu" kwa mwandiko wa haraka. Hali ya VVU ya mgonjwa na magonjwa yake mengine yasiyohusu tukio hayaingii kwenye PF3. Weka jina lako kamili, cheo, tarehe, saa na mhuri, ubaki na nakala.

Mtu mzima aliyepigwa na mwenza wake ni suala jingine. Akiwa na akili timamu, ridhaa yake ndiyo ya kuanzia. Mweleze PF3 ni nini, Dawati linafanya nini, na kwamba anaweza kubadili mawazo kesho. Kama amekabwa shingo, ametishiwa silaha au kuna mtoto hatarini, peleka suala kwa mganga mfawidhi na ustawi wa jamii hata kama hataki, na umwambie kwamba unafanya hivyo kabla hujafanya. Uamuzi wowote mtakaofikia, wa kutoa au kutotoa taarifa, uandikwe pamoja na sababu yake.

Magonjwa ya mlipuko

Kipindupindu kinachoshukiwa, kupooza kwa ghafla kwa mtoto, surua, homa za kutoka damu, kimeta na mengine ya kundi hilo yanatolewa taarifa ndani ya saa 24 kwa ofisa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri. Kushuku kunatosha. Anayesubiri jibu la maabara amechelewa: mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoani, na Marburg, iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025, haisubiri mtu aamue.

Fomu ya mgonjwa ina jina, umri, jinsia, mtaa, namba ya simu, tarehe dalili zilipoanza, sampuli na hali yake. Jina linahitajika kwa ajili ya kuwafuata waliokutana naye. Jumla ya kila wiki haina majina, na usiyaongeze. Fomu yenye jina inakwenda kwa ofisa mmoja kwa njia rasmi. Haipigwi picha na kurushwa kwenye kundi.

Nyumba za kupanga za Manzese au Mbagala, zenye choo kimoja na vyumba kumi, zinahitaji uangalifu wa pekee. Timu ya ufuatiliaji iache gari lenye maandishi barabara kuu, iingie kwa miguu. Wapangaji waelezwe hatari yao wenyewe, maji ya kisima, choo na kunawa mikono, bila kutajwa mgonjwa. Watajua, uani hakuna siri. Ila hawatathibitishiwa na wewe, na mgonjwa atakaporudi kutoka kambi ya matibabu atakuwa na pa kusimama. Wagonjwa wakiona jirani amedhalilishwa, wanaofuata wanajifungia ndani na kuharisha mpaka wanakufa.

Kifo cha mama mjamzito au aliyejifungua nacho kinatolewa taarifa ndani ya saa 24, na tathmini inafanyika ndani ya siku 7. Karatasi za tathmini hazibebi jina la marehemu wala la mtumishi. Zikibeba, kikao kinageuka cha kutafuta mchawi na watu wanaanza kuficha.

Siri ikishavuja

Zuia isiendelee: futa ujumbe, omba waliopokea wafute, funga faili. Mwambie mganga mfawidhi siku hiyohiyo, kwa maandishi: nini kimetoka, kwa nani, saa ngapi, kwa njia gani. Kituo kinatakiwa kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Usibadilishe kumbukumbu za faili. Kosa la kuficha huwa kubwa kuliko la kwanza.

Kisha mgonjwa aambiwe. Si kwa simu, na si na yule aliyevujisha peke yake. Aitwe chumba chenye mlango, aelezwe kilichotokea bila kuzungushwa, aombwe radhi, na aulizwe anaogopa nini hasa: mume, mwenye nyumba, kazi? Hatua zitokane na jibu lake. Aelezwe pia anaweza kulalamika wapi, kwenye baraza la taaluma au kwenye Tume. Kama anataka kuhamia kituo kingine, jaza fomu ya uhamisho papo hapo, mpe dawa za kumtosha mpaka atakapopokelewa, na mpigie mtoa huduma wa huko umtaarifu, kwa namba ya mgonjwa na si kwa jina.